Kumtia Paka Dawa ya Macho



Katika nyumba zetu nyingi huku Unyamwezi paka ni mtumishi asiyeandikwa katika daftari. Ng'ombe huhesabiwa, mbuzi huhesabiwa, hata kuku hujulikana idadi yao. Lakini paka huja na kwenda, hula mabaki, hulala jikoni karibu na majivu, wala hapana aulizaye ameamkaje. Hukumbukwa siku ile tu panya wanapotoboa gunia. Ndipo watu husema, "Paka akiondoka, panya hutawala," nao wasema kweli. Mwezi huu twataka kunena habari za kiumbe huyo, na hasa habari za macho yake, maana jambo hili lilitupata nyumbani kwetu, nalo likatufundisha mambo yawafaayo watoto na wazee pia.

Paka wetu ni jike, rangi yake ya majivu yenye mabaka meusi. Watoto walimpa jina la Sungusungu, kwa ajili ya walinzi wa jadi waliosimama huku kwetu na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwazuia wezi wa ng'ombe; maana yeye naye hukesha usiku akiwavizia wezi. Mahali pake pa zamu ni ghalani, nasi humo tulikuwa tumeweka magunia mawili ya karanga za mbegu, tulizozichagua punje kwa punje, zikingoja mvua ya mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa kumi huku Tabora ni mwezi wa jua kali. Miombo huchipua majani mekundu kabla mvua haijanyesha, na upepo huokota vumbi la barabara na kulileta mpaka mezani. Ndio mwezi wa macho mabovu, kwa watu na kwa wanyama.

Asubuhi moja Sungusungu hakuonekana. Watoto walimkuta chini ya kitanda, amelifumba jicho la kulia, machozi yakitiririka, na utongo wa rangi ya manjano umegandamana katika pembe. Alipolifumbua kidogo tukaona ngozi nyeupe imefunika nusu ya jicho. Ngozi ile wengi huidhania ni ugonjwa wenyewe, lakini sivyo. Paka ana ukope wa tatu, utokao katika pembe ya ndani. Akiwa mzima hauonekani sana, bali jicho likiuma hujitokeza kulikinga. Tena hakuvumilia mwanga, akageukia ukutani.

Habari zikaenea kwa majirani, na kila mtu akaja na shauri lake. Mmoja alisema tumtilie maji ya tumbaku. Wa pili alisema maziwa ya mama anyonyeshaye. Wa tatu alikimbia nyumbani kwake akaleta chupa ya dawa ya macho iliyosalia tangu mwaka jana. Wa nne akacheka, akasema, "Paka wako wengi, huyu akipofuka mtapata mwingine."

Bibi yetu, mama yake mwenye nyumba, alikuwa ameketi mkekani akipepeta mchele kwa kupapasa, maana macho yake huona nuru tu, hayaoni sura ya mtu. Akasema, "Paka wako wengi, lakini jicho hili ni lake peke yake. Msitie kitu msichokijua. Mimi walinitia."

Neno hilo lilimaliza baraza. Tukamweka Sungusungu katika kikapu chenye kifuniko, tukampeleka kwa daktari wa mifugo.

Twasimama hapa kidogo, wasomaji wetu, kuwaeleza kwa nini chupa ile ya jirani ilikuwa ya hatari. Dawa nyingine za macho zina steroidi ndani yake, kama deksamethasoni. Hizo huondoa wekundu upesi, mtu akadhani amepona; lakini jicho likiwa na kidonda, steroidi hukizuia kisifunge, nalo jicho laweza kutoboka kabisa. Tena chupa ikiisha kufunguliwa huingia vijidudu, na dawa nyingi za matone hazifai kutumiwa baada ya majuma manne. Kadhalika twawaonya: msimpe paka parasetamoli kwa ajili ya maumivu. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo kama miili yetu, na kidonge kimoja chaweza kumwua.

Daktari alitia katika jicho rangi iitwayo fluoresini, kisha akazima taa ya chumba na kulimulika jicho kwa mwanga wa buluu. Mahali palipokuwa pazima hapakushika rangi; lakini juu ya kioo cha mbele cha jicho ulionekana mstari mfupi uking'aa kijani. Ulikuwa mkwaruzo, pengine kucha ya paka mwenziwe. Akatueleza ya kuwa macho mengi ya paka huugua kwa sababu nyingine: virusi vya hepesi vya paka, vinavyojificha mwilini na kurudi paka anapopata taabu, au vijidudu vya jamii ya klamidia. Kila sababu ina dawa yake, kwa hiyo kukisia hakufai. Huyu wetu akapewa matone ya antibiotiki, mara nne kwa siku, kwa muda wa siku 10, pamoja na kola ya karatasi ngumu shingoni asijikune, na amri ya kukaa ndani, mbali na jua na vumbi.

Mara nne kwa siku kumi ni mara arobaini. Kwa mtu mzima ni jambo dogo. Kwa paka ni vita arobaini.

Njia hii yetu ya kale ina habari nyingi za macho. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo mpaka Tabora, na kutoka Tabora ikaendelea mpaka Ujiji, na wapagazi walitembea miezi mingi katika vumbi, jua na moshi wa mioto ya usiku. Mwaka 1857, mwezi wa 11, Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika hapa Tabora, mahali walipopaita Kaze. Walipoendelea kwenda magharibi wote wawili walikuwa wagonjwa, na Speke aliumwa macho hata akawa karibu kipofu. Tarehe 13 Februari 1858 walifika juu ya kilima, na Sidi Mubarak Bombay akawaonyesha maji ya Ziwa Tanganyika yaking'aa mbele yao. Speke alikuwa ametembea njia yote ile kwa ajili ya kuliona ziwa hilo. Naye siku ile hakuona ila ukungu na mng'ao. Twalikumbuka jambo hili kila tunapomsikia mtu akisema kwamba jicho ni kitu kidogo.

Na Bibi yetu ni mtoto wa njia hiyo hiyo. Alizaliwa Ugogo, upande wa Kongwa, akaolewa huku. Alipokuwa mtoto alipata vikope, ugonjwa ambao madaktari huuita trakoma. Vijidudu vyake huchukuliwa na mikono, na nguo za kufutia uso, na nzi wanaotua machoni. Mtoto huugua, hupona, huugua tena, mara nyingi, hata upande wa ndani wa ukope huwa na makovu. Makovu hayo hujikunja, nywele za kope huelekea ndani, na kila mtu anapopepesa macho nywele hukwaruza kioo cha jicho, mchana na usiku, mpaka kikawa cheupe. Mkwaruzo mmoja tu ulimtia Sungusungu chini ya kitanda. Mwanamke mwenye vikope hukwaruzwa maelfu ya mara kwa siku, naye atwanga, apika na kulea.

Kongwa pakawa mahali maarufu kwa uchunguzi wa ugonjwa huo tangu miaka ya 1980, na mwaka 1995 yalitangazwa matokeo ya kazi iliyofanyika vijijini huko, yakionyesha ya kuwa kuosha nyuso za watoto husaidia kupunguza vikope vikali. Siku nyingi dawa yake ilikuwa marhamu ya tetrasaiklini, mara mbili kwa siku kwa majuma sita. Hesabuni wenyewe: mara 84, na mtoto analia na kujipinda kila mara. Kina mama wengi walishindwa, wala si kwa uvivu. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 Tanzania ilianza kutumia azithromaisini, dawa ya kumeza mara moja tu, na kazi ikawa nyepesi. Lakini Bibi alizaliwa kabla ya hayo yote. Alitiwa maji ya majani, asiyoyajua jina mpaka leo, na watu wanne walimshika, mmoja kila kiungo. "Ile dawa nimeisahau," alituambia. "Ile mikono siisahau. Nikisikia nyayo zao nilikuwa nakimbilia porini."

Siku ya kwanza kijana wa jirani, mwenye nguvu, alijitolea kumshika paka. Alimkamata ukosi, akamgandamiza sakafuni. Sungusungu alimpiga kucha mkononi, akajikwamua, akapanda juu ya dari na kola yake, akakaa huko tangu adhuhuri hata usiku. Kijana akasema, "Dawa ya moto ni moto, kesho nitakuja na gunia." Bibi akamjibu kwa upole, "La, mjukuu wangu. Huyu si moto. Huyu ana hofu." Kisha akasema, "Mleteni kwangu atakaposhuka. Mkono hutangulia dawa."

Tangu saa ile Bibi akawa mshikaji, na binti yetu wa darasa la sita akawa mtiaji. Tukamwuliza daktari, naye akatueleza njia, nasi twawaandikia hapa kwa taratibu, ili walio na haja waifuate.

Neno la kwanza: tayarisheni vitu vyote kabla ya kumwita paka. Oshweni mikono kwa sabuni. Chupa ishikwe kiganjani dakika chache, maana tone la baridi humshtua. Wekeni karibu pamba, na maji yaliyochemshwa yakapoa. Paka akisikia watu wakikimbia huku na huku kutafuta kifuniko, ameisha kujua kuna jambo.

Neno la pili: mahali pawe pamoja siku zote, penye utulivu, mlango umefungwa. Watoto wengine wakae nje. Watu wawili wanatosha. Wa tatu huongeza kelele tu.

Neno la tatu: mfungeni katika kanga kuukuu au taulo, kama mtoto mchanga abebwavyo, miguu yote ndani, kichwa tu nje. Kitambaa kikaze kiasi cha kuzuia kucha, kisikaze hata akashindwa kupumua. Bibi alimpakata hivyo, mgongo wa paka ukiegemea tumbo lake, mikono yake miwili imezunguka mabega. Hakumshika ukosi. Alikuwa akinena naye kwa Kigogo, maneno ya kubembeleza watoto.

Neno la nne: safisheni kwanza. Lowesheni pamba, iacheni juu ya utongo mpaka ulainike, kisha futeni kutoka pembe ya ndani kwenda nje. Kila jicho na pamba yake. Dawa ikitiwa juu ya utongo haifiki jichoni.

Neno la tano: mtiaji atoke upande wa nyuma au wa ubavuni, asimjie paka usoni. Maana kitu kinachokuja mbele ya macho, kwa paka, ni adui. Mkono mmoja uinue kidevu taratibu, na kidole gumba kivute ukope wa chini. Mkono wenye chupa uegemee juu ya kichwa chake; hivyo akitikisika, mkono hutikisika pamoja naye, wala ncha ya chupa haimchomi. Ncha isiguse jicho wala nywele.

Neno la sita: tone moja linatosha. Wengi hutia matatu wakidhani ni bora, lakini jicho haliwezi kulibeba hata hilo moja lote. Linalozidi humwagika shavuni, au hupita katika mfereji wa pua na kufika kooni. Ndiyo sababu paka mwingine hutoa povu mdomoni baada ya dawa ya jicho: ameonja uchungu. Zikiwapo dawa mbili, ngojeni dakika tano baina yake, matone kwanza, marhamu baadaye.

Neno la saba, na Bibi alisema hili ndilo kubwa: asiachwe aende bila kupewa kitu. Sisi tulitumia dagaa wa Kigoma, tuliowalowesha kwanza majini. Dagaa mmoja kila tone, tena papo hapo, kabla kanga haijafunguliwa. Hata siku zile zisizokuwa za dawa apakatwe vivyo hivyo na kupewa dagaa bure, asije akajifunza kwamba mikono ya Bibi ina maana moja tu.

Na akikataa kabisa, mwacheni kwa nusu saa. Tone lililochelewa nusu saa hupunguza kidogo. Paka aliyekimbilia porini hupoteza yote.

Haikuwa rahisi. Siku ya pili na ya tatu Sungusungu alinguruma tangu mwanzo hata mwisho, na binti yetu mara mbili alilia kwa kuona tone limeanguka sikioni. Bibi, asiyeweza kuona tone wala jicho, alijua kwa mikono yake. "Sasa pumzi yake imeshuka," alisema, "sasa tia." Au alisema, "Bado, moyo wake unakwenda mbio." Nasi tukaona ya kuwa mwenye macho alikuwa akimtazama paka, bali asiyekuwa na macho ndiye aliyemjua.

Wakati huo ghala lilikuwa bila mlinzi. Usiku tuliwasikia panya wakitembea juu ya boriti, na siku ya tano tulikuta gunia moja limetobolewa pembeni, maganda yamejaa sakafuni. Tulipopima tulikuwa tumepungukiwa na debe moja la mbegu, nalo kwa nyumba kama yetu si neno dogo, kwa kuwa debe la mbegu wakati wa kupanda si sawa na debe wakati wa kuvuna. Wengine wakasema afunguliwe aende kazini. Jicho lilikuwa limeanza kufumbuka, na utongo umekwisha. Lakini daktari alikuwa amesema siku 10, wala hakusema "mpaka aonekane mzima." Wekundu hutangulia kuondoka, kidonda hukawia. Anayeacha dawa katikati huwaacha hai vijidudu vilivyo hodari kuliko vyote. Tukayahamisha magunia chumbani tunamolala, tukavumilia harufu ya karanga.

Siku ya saba, saa ya dawa ya jioni, Sungusungu alikuja mwenyewe mpaka mkekani, akajilaza juu ya kanga kabla hajaitwa. Yawezekana alikuja kwa ajili ya dagaa. Bibi alicheka sana, akasema hata yeye angalikuja kwa ajili ya dagaa, kama wangalimpa.

Siku ya kumi daktari alitia ile rangi tena, na haikushika mahali popote. Limebaki kovu dogo jeupe, kama uzi, ambalo huenda lisiondoke, lakini paka anaona kwa macho yote mawili, na magunia yamerudi mahali pake.

Basi twawaachia wasomaji maneno haya machache. Jicho la mnyama au la mtoto likifumbwa kwa maumivu, likiwa na utongo wa manjano, au likianza kuwa jeupe, lisingojwe mpaka wiki ijayo. Jicho la paka laweza kuharibika kwa siku moja au mbili. Aliye karibu na daktari wa mifugo aende kwake. Aliye mbali amwulize afisa mifugo wa kata. Na kwa jicho la mtu, zahanati ipo. Wazee wetu ambao nywele za kope zimeelekea ndani wasiambiwe ya kuwa ni uzee: kuna upasuaji mdogo wa kugeuza ukope, nao hufanyika kwa ganzi, na ukifanyika mapema huokoa nuru iliyosalia. Walimu wanaweza kufanya neno jepesi: asubuhi, kabla ya hesabu, kila mtoto aoneshe uso uliooshwa. Na kila mtoto awe na kitambaa chake mwenyewe, si kimoja kwa watoto saba.

Tena wafundisheni watoto kumshika mnyama anayeumwa. Mtoto aliyejifunza kungoja pumzi ya paka ishuke kabla ya kutia tone, siku moja atamnywesha dawa mdogo wake, na siku nyingine atamwuguza mama yake mzee, naye atajua la kufanya na mikono yake. Mgonjwa asiyeelewa dawa hana njia ya kututazamia nia zetu. Anayoyajua ni mikono tu, namna ilivyokuja na namna ilivyomwachilia.